Kujitunza kwa misingi ya Ayurveda ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa hapa hapa: Igoma, Nyegezi, Kirumba, Buswelu, na wengine ng'ambo ya maji, Ukerewe na Sengerema. Majibu hayalingani urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito. Ila kuna kanuni moja ya Ayurveda utaikuta ikijirudia humu, nayo ni kwamba tabia hubadilishwa robo kwa robo. Watu wengi wanaoanza na kuacha hawajawahi kuambiwa hilo.

Ayurveda ni nini hasa?

Ni elimu ya tiba na ya namna ya kuishi iliyokua India kwa zaidi ya miaka 2,000. Matabibu wa kale wanaotajwa sana ni Charaka, Sushruta na Vagbhata. Mwaka 2014 serikali ya India iliiundia wizara yake, pamoja na tiba nyingine za jadi za nchi hiyo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba asili huko Jamnagar, India.

Ina sehemu mbili. Moja ni ya kutibu wagonjwa, na hiyo ni kazi ya waliosomea. Nyingine ni ya kujitunza kila siku ukiwa mzima, yaani kuamka, kula, kusafisha mwili na kulala. Hiyo ya pili huitwa dinacharya, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Haya si mambo ya Wahindi? Sisi yanatuhusu nini?

Angalia jikoni kwako kwanza. Choroko, ufuta, manjano, mlonge na mwarobaini ulio uani, vyote asili yake ni upande wa India. Mtama, uwele na mkwaju vilitoka Afrika vikaenda kwao, na leo huwezi kuzungumzia chakula cha India bila kuvitaja. Bahari imebeba mbegu na maarifa huku na kule kwa karne nyingi kabla yetu.

Na Charaka mwenyewe alifundisha kwamba chakula kinachomfaa mtu ni kile ambacho mwili wake na watu wa kwao wamekizoea. Alitaja hata mifano: watu wa bonde la mto Sindhu wamezoea maziwa, watu wa mashariki wamezoea samaki. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayeacha ugali na sato ili ale vyakula alivyoviona kwenye video ya mtu wa Mumbai anakwenda kinyume na mafundisho anayodhani anayafuata.

Mimi ni Mkristo, na jirani yangu ni Mwislamu. Je, tutakuwa tunafuata dini nyingine?

Hapana. Ayurveda ilikulia katika jamii ya Kihindu, na baadhi ya maandishi yake yana sala zao. Lakini kukwangua ulimi, kunywa maji ya moto na kula mapema jioni si ibada. Sala baki nazo za kwako. Mwislamu ataona mafundisho mengine yanafanana na anayoyajua tayari: Charaka anaagiza tumbo ligawanywe theluthi, moja ya chakula kigumu, moja ya kinywaji, na moja iachwe wazi.

Nianzie wapi? Nimejaribu mara nyingi nikashindwa.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokwama.

Mtu anaamua Jumapili usiku kwamba kuanzia kesho ataamka saa kumi, ataacha sukari, atakunywa tangawizi, atafanya yoga, atajipaka mafuta na hatagusa soda tena. Ikifika Alhamisi ameacha vyote na anajiona dhaifu. Udhaifu haupo kwake. Mpango wenyewe ulikuwa mbaya, na Charaka aliliona hilo zamani. Alisema tabia mbaya iachwe kwa sehemu ya nne, na nzuri ijazwe kwa sehemu hiyo hiyo ya nne, kisha mtu atulie kidogo kabla ya kusogea robo nyingine. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwili uliozoea kitu, hata kama kitu chenyewe kinaudhuru, hutikisika ukinyang'anywa ghafla.

Chukua chai. Tuseme unaweka vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe. Wiki hii weka vitatu, na badala ya kile kimoja ongeza kipande cha tangawizi iliyopondwa au punje mbili za iliki. Usiguse kitu kingine chochote. Ulimi ukishazoea, na utajua kwa sababu hutakumbuka tena kwamba umepunguza, shuka hadi viwili. Baadhi ya watu huishia kijiko kimoja na hapo wanakaa miaka. Hiyo ni robo tatu ya sukari iliyoondoka bila ugomvi ndani ya nyumba.

Vivyo hivyo kwa usingizi. Kama unalala saa sita usiku na unataka kulala saa nne, usiruke saa mbili zote. Sogeza nusu saa, ushike hapo, kisha nusu saa nyingine.

Muda gani mpaka kitu kiwe tabia? Watafiti wa University College London, katika kazi iliyotoka mwaka 2009, waliona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66, lakini watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, fanya Jumatano na usihesabu upya kutoka moja.

Je, lazima nijue kama mimi ni vata, pitta au kapha?

Si lazima, na mimi huwashauri wanaoanza waliache suala hili kwanza. Kwa ufupi, hizi ni hali tatu ambazo Ayurveda huzitumia kuusoma mwili wa mtu. Vata ni tabia ya ukavu, wepesi na mwendo. Pitta ni joto na ukali. Kapha ni uzito, unyevu na utulivu. Kila mtu anazo zote tatu kwa viwango vyake. Sayansi ya hospitali haijathibitisha kwamba makundi haya yapo mwilini kama damu au homoni zinavyopimwa.

Faida yake ni kukufundisha kujiangalia. Ngozi yako ni kavu, choo kigumu, mawazo yanakimbia? Tafuta joto, mafuta, chakula laini na ratiba isiyoyumba. Kiungulia na hasira za haraka? Punguza pilipili na kukaa na njaa mchana. Mzito asubuhi na usingizi mwingi? Amka mapema kidogo, tembea, punguza vyakula vizito vya usiku. Ukiweza kujisoma hivyo, huhitaji dodoso la kwenye mtandao lenye maswali 40 likuambie wewe ni nani.

Asubuhi inatakiwa iweje?

Fupi. Asubuhi ndefu hufia njiani.

Amka kabla jua halijatoka. Hapa Mwanza jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu inatosha kwa watu wengi. Nenda chooni kwanza, usikimbilie simu.

Kisha ulimi. Chukua kijiko cha chuma, kigeuze upande wa ukingo, kiweke nyuma kadiri unavyoweza bila kutapika, uvute taratibu kuja mbele mara tano au sita, ukikisuuza kila mara. Utaona utando mweupe au wa njano kwenye kijiko. Siku ambayo ulikula ubwabwa wa nyama saa nne usiku utando huwa mzito, na wewe mwenyewe utaunganisha mambo bila kufundishwa. Kifanye kijiko hicho kiwe cha kazi hiyo tu, usikirudishe jikoni. Baada ya hapo piga mswaki wako wa kawaida na dawa ya meno yenye floraidi. Mswaki wa mti wa mwarobaini, ambao Wahindi huutumia pia, ni mzuri kama unaupenda.

Halafu maji ya moto, kikombe kimoja, ukinywa kwa utulivu. Yachemshe jana yake usiku na uyatie kwenye chupa ya chai, asubuhi yatakuwa bado na joto. Kwetu jambo hili lina faida mbili: unafuata Ayurveda, na nyumba nzima inapata maji salama. Ukitoka mkono mtupu na mengine yote lakini umechemsha maji, umefanya kubwa.

Hayo matatu yanaisha ndani ya robo saa. Yoga, tafakuri na mengine ongeza baadaye, robo robo.

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda Mwaloni kuuza dagaa. Muda huo ninao wapi, dada?

Huna, na hakuna sababu ya kuuiba usingizini. Mama, wewe chukua kitu kimoja tu: maji ya moto kwenye chupa yako ya chai, uyanywe ukiwa kwenye meza yako badala ya soda ya asubuhi. Ulimi ukwangue jioni unapooga.

Lakini kuna jambo jingine linalokuhusu kuliko hayo, na linafuata.

Ni kweli Ayurveda inakataza kubana haja?

Kweli kabisa, na kwa maoni yangu hili ndilo fundisho lenye thamani kubwa kwa watu wanaofanya kazi sokoni, barabarani na kwenye bodaboda. Charaka ametaja misukumo 13 ya mwili ambayo mtu asiizuie: mkojo, choo, manii, upepo, kutapika, kupiga chafya, kucheua, kupiga miayo, njaa, kiu, machozi, usingizi, na kuhema baada ya kazi nzito. Alieleza pia magonjwa yanayotokana na kuizuia.

Sasa mwangalie mwanamke anayeuza samaki. Choo kiko mbali, ni cha kulipia, hakina maji, na akiondoka mzigo unabaki bila mtu. Anachofanya ni kuacha kunywa maji toka asubuhi ili asipate haja, na ikija anaibana mpaka saa tisa. Akifika nyumbani kichwa kinamuuma, mkojo ni wa njano iliyokolea na unachoma. Kubana mkojo na kutokunywa maji huongeza uwezekano wa kupata maambukizi ya njia ya mkojo, na hilo hospitali nayo itakwambia vivyo hivyo.

Tiba yake ni mpango wa watu wawili. Kubaliana na mwenzako wa meza ya jirani: saa nne unamlindia, saa sita anakulindia. Hela ya choo itenge asubuhi pamoja na nauli, iwe sehemu ya gharama za biashara. Wanaume wa bodaboda nao wana kijiwe, na kijiwe kinaweza kukubaliana na mwenye choo wa karibu kwa malipo ya wiki. Tabia hii haina mafuta ya kunukia wala mishumaa, lakini ningetaka kila mtu aanze nayo.

Machozi yamo kwenye orodha ile, mkumbuke. Mwanaume aliyefiwa akilia, mwacheni alie.

Chakula kikubwa kiwe saa ngapi?

Mchana, jua linapokuwa juu. Ayurveda inaamini nguvu ya kusaga chakula, ambayo huitwa agni, hupanda na kushuka pamoja na jua. Kwa Mwanza jua huwa utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kwa hiyo mlo wa saa saba tuliouzoea uko mahali pake.

Shida yetu ni usiku. Familia nyingi hula saa tatu hadi saa nne, ugali mkubwa kuliko wa mchana, kisha moja kwa moja kitandani. Agni ni jiko la mkaa lililokwisha kufifia: ukilitwisha sufuria kubwa saa hiyo, chakula hakiivi na moto unazimika. Jaribu kwanza kupunguza robo ya sahani ya usiku na kuihamishia mchana. Kisha sogeza muda, kidogo kidogo, mpaka ule saa moja au saa mbili, kiasi kwamba zipite saa tatu kabla ya kulala. Anayepika akikubali, mmeshinda. Asipokubali, wewe kula nusu tu na ulale.

Itabidi niache samaki?

Usiache. Wengi hudhani Ayurveda ni ya wasiokula nyama, lakini vitabu vyake vya kale vinaeleza aina nyingi za nyama na samaki, na supu ya nyama inatajwa kuwa chakula cha mtu aliyekonda na kuishiwa nguvu.

Kinachotakiwa ni namna ya kupika. Sangara aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi, meusi na yenye povu, ni mzigo kwa tumbo lolote. Sato wa kuchemsha na nyanya, tangawizi, manjano kidogo na ndimu iliyokamuliwa mwishoni ni chakula ambacho tabibu wa Ayurveda angekubali. Dagaa nao wawemo: waloweke kidogo kwenye maji ya moto, wasafishe mchanga, wapike rosti na bilinganya.

Kuna katazo moja utakalokutana nalo, la kutochanganya samaki na maziwa katika mlo mmoja. Linatoka kwa Charaka, ingawa sayansi ya leo haijaonyesha kwamba mchanganyiko huo ni sumu. Kama unapenda mtindi, unywe mchana siku ya maharage na umeshaheshimu kanuni bila shida. Tui la nazi halimo katika katazo hili.

Nipe mlo mmoja wa Ayurveda ambao viungo vyake vinapatikana hapa.

Choroko na wali, ambao Wahindi huuita khichdi. Ndio mlo wanaompa mtu aliyetoka kuugua au ambaye tumbo limechafuka, na choroko zinalimwa huku huku Kanda ya Ziwa.

Loweka kikombe cha choroko usiku. Asubuhi zioshe mpaka maji yawe safi, zichemshe peke yake hadi zianze kupasuka, halafu tia kikombe cha mchele, maji ya kutosha na chumvi kiasi. Acha viive mpaka vilegee kabisa, uwe kama bokoboko. Pembeni pasha kijiko kikubwa cha samli, tia kijiko kidogo cha binzari nyembamba, isikie ikipasuka na kutoa harufu, ongeza tangawizi ya kutwanga na nusu kijiko kidogo cha manjano, geuza mara mbili usiiache iungue, kisha mwagia juu ya sufuria. Funika dakika tano. Samli ya kienyeji, ile inayotoka kwa wafugaji wa Kwimba na Magu, haina mpinzani hapa.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, usiku nakesha. Hii ratiba ya jua nitaifuataje?

Kaka, ratiba ya jua si yako kwa sasa, lakini vitabu havikukusahau. Vagbhata aliandika kwamba mtu asiyezoea kukesha, akikesha, alale asubuhi nusu ya muda aliokesha, na alale kabla hajala. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo wavuvi wengi wanaikosa. Unatoka majini umechoka, umelowa, unakuta chapati na supu ya moto, unakula mpaka basi na kudondoka. Badala yake kunywa uji mwepesi au maji ya moto yenye tangawizi, lala, kisha mlo wako mkubwa uwe unapoamka mchana.

Nusu ya usiku haitoshi kwa mtu anayekesha mfululizo giza lote. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa siku, kwa hiyo ongeza usingizi wa pili alasiri kabla ya kuingia ziwani. Fumba dirisha kwa kitenge kizito, simu izimwe, watoto waambiwe. Mwezi unapokuwa mkubwa na mitumbwi imetulia, usirudi usingizi wa usiku kwa siku moja. Sogeza saa mbili kila siku, na utafika bila kuumwa kichwa.

Na usikeshe kwa kutegemea vinywaji vya kuongeza nguvu chupa baada ya chupa. Punguza robo.

Kujipaka mafuta kunafanywaje? Lazima kila siku?

Vitabu vinasema kila siku. Maisha yanasema Jumamosi jioni, na ni sawa. Vagbhata mwenyewe anatilia mkazo kichwa, masikio na nyayo, kwa hiyo mwenye dakika tatu apake nyayo tu kabla ya kulala. Mimi nyayo ndizo ninazozipenda zaidi: kwa mtu aliyesimama kutwa, hakuna kinacholeta usingizi haraka hivyo.

Siku ya kujipaka mwili mzima, tia mafuta ya ufuta robo glasi, uiweke glasi ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yapate uvuguvugu. Yajaribu kwenye kifundo cha mkono. Tandika kanga kuukuu sakafuni. Anzia kichwani, shuka shingoni na mabegani. Kwenye mifupa mirefu ya mikono na miguu viganja viende juu na chini, kwenye magoti, viwiko na vifundo viende kwa mduara. Tumboni zungusha kufuata mshale wa saa. Kaa robo saa, halafu oga maji ya uvuguvugu. Mwaga maji ya sabuni sakafuni ukimaliza, maana watu wameanguka bafuni kwa mafuta yaliyobaki.

Joto likizidi tumia mafuta ya nazi. Usijipake ukiwa na homa, tumbo likiwa limevurugika, au ngozi ikiwa na vidonda. Mwenye kisukari asipake katikati ya vidole vya miguu, na kama nyayo zina ganzi, mafuta yapimwe joto na mtu mwingine. Anayedhurika na ufuta asiuguse.

Mazoezi je?

Nusu ya nguvu zako, basi. Kipimo cha kale ni jasho kwenye paji la uso na kuanza kuhema kwa mdomo, hapo simama. Ukiishi Mabatini, Igogo au kwenye miamba ya Bugando, kupanda nyumbani na mzigo wa soko tayari ni zoezi, na huna haja ya kulipia gimu. Anayekaa tambarare atembee nusu saa siku tano kwa wiki, hiyo inafikia dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Majira ya India ni sita. Sisi tufuate yapi?

Fuata ya kwako. Wakati wa vuli na masika, unyevu ukiwa mwingi, kula vya moto, tangawizi na pilipili manga, punguza vya baridi na vizito. Kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo ni mkavu na midomo inapasuka: ongeza mafuta, samli, uji na matunda yenye maji.

Je, kuogelea ziwani na kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni sehemu ya hayo?

Kuogelea hapana. Ziwa letu lina kichocho, na kimelea chake hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Ukishakanyaga maji ya pembezoni mara kwa mara, nenda kapime kituoni, dawa ipo.

Kusafisha pua kupo, ila maji yawe yaliyochemshwa yakapoa. Kamwe usitumie ya bombani moja kwa moja au ya ziwa. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, inayoishi kwenye maji yasiyo ya chumvi, ambayo ikiingia kwa njia ya pua hufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra, lakini haina haja ya kujaribiwa.

Mama aliyejifungua anaweza kufuata?

Anaweza, na atakuta mengi anayajua. Arobaini yetu, ya kupumzika, kukandwa, uji wenye pilipili manga na supu, inafanana sana na mwezi na nusu wa uangalizi ambao Ayurveda humpa mzazi. Ugumu wa siku hizi ni kwamba mama anarudi kazini au anafua nguo wiki ya kwanza. Mashemeji na mawifi, hapo ndipo mnahitajika.

Mtoto mchanga mpake mafuta mepesi, lakini msimtie mafuta puani wala masikioni, msimpe asali kabla ya mwaka mmoja, wala maji kabla ya miezi sita, wala msimpake wanja machoni, maana wanja mwingine una risasi. Mama akitokwa na damu nyingi, akipata homa, kichwa kikali au kuona ukungu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeletewa vidonge na unga wa Ayurveda kutoka India. Nivitumie?

Mimi nasema uviache mpaka ujue vimesajiliwa. Kuna tawi la dawa za Ayurveda ambalo kwa makusudi hutumia madini, yakiwemo zebaki na risasi. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha vipimo vya bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Huwezi kuona wala kuonja sumu hizo, na kwa mtoto risasi huharibu ubongo.

Hapa nchini dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na waganga na tiba zao husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002. Muulize anayekuuzia namba ya usajili. Akinuna, umepata jibu.

Hata mimea peke yake si salama kwa kila mtu. Ashwagandha, inayosifiwa sana siku hizi, haifai kwa mjamzito, na imewahi kuhusishwa na madhara ya ini. Manjano ya jikoni hayana neno. Vidonge vya manjano vyenye nguvu nyingi ni habari nyingine.

Natumia dawa za presha, kisukari au ARV. Niache nikianza haya?

Usiache hata kidonge kimoja. Maji ya moto, kulala mapema, kutembea na kupunguza chumvi vinakwenda pamoja na dawa zako. Mizizi na unga wowote mweleze daktari au mfamasia kwanza, kwa sababu baadhi hupandisha au kushusha nguvu ya dawa. Na kwa mwenye kisukari, asali ni sukari, hata ikiwa ya Tabora na hata ikikorogwa kwenye maji ya uvuguvugu.

Nitajuaje kama inanisaidia?

Angalia vitu vinne: choo kinakuja asubuhi bila kulazimishwa, njaa ni ya kweli kabla ya mlo wa mchana, ulimi haujai utando mzito, na unapolala huchukui muda mrefu kupata usingizi. Vikianza kutengemaa, bakia na ulichonacho kabla ya kuongeza kipya.

Kama baada ya wiki kadhaa bado unakonda bila sababu, una damu kwenye choo au mkojo, kikohozi kisichoisha, homa za mara kwa mara au huzuni isiyokuachia, hayo hayangojei dinacharya. Nenda zahanati ya karibu, na wakikuandikia rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, ifuate.